Nani Amiliki, Nani Aongoze, Nani Atunzwe: Biashara Baada ya Mwenye Biashara

Mfanyabiashara akifariki Ijumaa, Jumatatu asubuhi wapo watu wanaomtafuta ambao hawakuja kutoa pole. Msambazaji wa saruji anataka kujua nani atalipa mzigo aliouacha kwa mali kauli. Benki imepata habari, na akaunti iliyokuwa kwa jina la marehemu peke yake imesimama. Dereva wa Fuso yuko njiani na mzigo wa mteja, hajui fedha amkabidhi nani. Wafanyakazi wananong'onezana kuhusu mshahara wa mwisho wa mwezi. Msibani turubai halijashushwa, na mdogo wa marehemu ameshaomba funguo za stoo "kwa usalama".

Sheria ya mirathi haina jibu la Jumatatu hiyo. Jibu lake huja baada ya wiki au miezi, pale mahakama itakapomteua msimamizi. Katikati hapo mzigo huisha stoo bila kuandikwa, wateja wanaodaiwa hunyamaza, na wanaodai hupaza sauti. Wanafamilia wanapokaa kugawana, mara nyingi kilichobaki ni fremu tupu na mashine ya risiti ya EFD.

Chanzo chake ni kwamba marehemu alikuwa watu watatu katika mwili mmoja. Alikuwa mmiliki, maana mali ilisomeka kwa jina lake. Alikuwa kiongozi, maana hakuna aliyenunua wala kukopesha bila yeye kusema ndiyo. Tena alikuwa mlezi: ada za shule, dawa za bibi na kodi ya nyumba ya mdogo wake vyote vilitoka mfukoni mwake. Anapoondoka, yanaachwa wazi maswali matatu: nani amiliki, nani aongoze, nani atunzwe. Familia nyingi hujibu la kwanza tu, kwa wosia, na kudhani yaliyobaki yatajijibu. Makala hii inaeleza namna ya kuyajibu yote matatu kwa sheria ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na mahakama zake, zikiwamo Mahakama za Kadhi zinazoshughulikia mirathi ya Waislamu.

Mali moja, sheria tatu

Wengi huamini kwamba wasipoandika wosia "sheria itagawa". Ni kweli, ila swali ni sheria ipi. Tanzania Bara haina sheria moja ya mgawanyo wa mirathi. Kenya ilikusanya kanuni zake katika Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika Julai 1981, ingawa Waislamu walikuja kupewa nafasi ya kufuata dini yao. Kwetu sisi njia zimebaki tatu: sheria ya Kiislamu, sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa Tangazo la Serikali Na. 436, na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo tuliirithi kwa Mwingereza na hadi leo hutumika kwa mirathi ya Wakristo wengi na wengine waliojitenga na maisha ya kimila.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi ameacha mke mmoja, wana wawili na mabinti wawili. Wazazi wake walishatangulia. Baada ya kulipa gharama za mazishi na madeni yote, imebaki mali ya shilingi milioni 480.

Kwa sheria ya Kiislamu, mjane anapata thumuni, yaani milioni 60. Kilichobaki hugawiwa watoto, mwana akipata mara mbili ya binti: kila mwana milioni 140, kila binti milioni 70. Kwa sheria ya mwaka 1865, mjane anapata theluthi moja, milioni 160, na theluthi mbili hugawiwa watoto sawasawa bila kujali jinsia, milioni 80 kila mmoja. Kwa sheria za mila za 1963, warithi wamepangwa kwa daraja. Mwana wa kwanza wa nyumba ya kwanza yuko daraja la kwanza na fungu lake ndilo kubwa, wana wengine ni daraja la pili, mabinti la tatu. Mjane hana fungu; kanuni inasema fungu lake ni kutunzwa na watoto wake.

Angalia tofauti hiyo. Mama yule yule, aliyekaa kaunta miaka 20, anaweza kuondoka na milioni 160, au milioni 60, au ahadi ya kutunzwa.

Nani huamua njia ipi ifuatwe? Familia ikivutana, mahakama huangalia mambo mawili: jinsi marehemu alivyoishi, na nia yake. Je, aliishi kwa kufuata mila za kwao au alikuwa amejitenga nazo? Alifunga ndoa wapi na kwa taratibu gani? Aliwahi kusema au kuandika jinsi anavyotaka mali yake igawanywe? Kubatizwa peke yake hakumtoi mtu katika mila moja kwa moja. Hapo ndipo ndugu wanapotoleana ushahidi mahakamani kuhusu jinsi mzee alivyokuwa akiishi, jambo ambalo mzee mwenyewe angelimaliza kwa sentensi moja iliyosainiwa.

Kanuni za mila zimepingwa mara kadhaa kwa sababu ya ubaguzi dhidi ya wanawake. Katika kesi ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory, iliyoamuliwa mwaka 1990, mwanamke wa Kagera aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake, na ndugu wa kiume akadai mila haimruhusu. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba katazo hilo linapingana na Katiba. Lakini mwaka 2006 Mahakama Kuu, ikisikiliza shauri la wajane wawili, ilikiri kwamba kanuni za mila za urithi zina ubaguzi na bado ikakataa kuzifuta. Wajane wale walikwenda hadi kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliitaka Tanzania izirekebishe. Mwenye mabinti anaowategemea katika biashara asisubiri marekebisho. Aandike.

Wosia unaosimama

Watu huogopa wosia kwa kudhani kuuandika ni kujichuria. Kifo hakisubiri karatasi. Hatari iliyopo ni kuandika karatasi isiyokidhi masharti, maana wosia mbovu huwapa wanaogombana silaha zaidi.

Sharti la kwanza kwa njia zote ni akili timamu na hiari. Wosia ulioandikwa hospitalini, mwandikaji akiwa hoi na mnufaika akiwa ameshika kalamu, unaalika kesi. Baada ya hapo masharti yanatofautiana.

Chini ya sheria ya mwaka 1865, wosia uwe wa maandishi, usainiwe, na ushuhudiwe na mashahidi wasiopungua wawili. Shahidi asiwe mtu aliyeachiwa kitu humo, kwa kuwa zawadi yake hubatilika. Jambo ambalo wengi hawalijui: ukifunga ndoa baada ya kuandika wosia, wosia huo umekufa. Mgane aliyeoa tena miaka mitano iliyopita, huku wosia wake wa zamani ukiwa umelala kabatini, hana wosia.

Kwa sheria za mila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua kusoma anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wosia wa mdomo nao unahitaji wanne kwa utaratibu huo huo. Mke aliyekuwapo nyumbani siku hiyo naye ashuhudie. Ukimnyima mrithi, sababu zitajwe, nazo ziwe nzito zinazotambuliwa na kanuni, kama vile kujaribu kumuua mwenye mali au kumtelekeza wakati wa ugonjwa na njaa. "Sipatani naye" si sababu.

Kwa Mwislamu, wosia una ukomo: hawezi kuusia zaidi ya theluthi moja ya mali, wala hawezi kumwongezea mrithi halali isipokuwa warithi wengine wakiridhia baada ya kifo. Theluthi hiyo ndiyo mlango wa kumkumbuka mtu asiye mrithi, mfano mjukuu aliyefiwa na baba, au mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye kwa sheria hiyo hamrithi baba. Anayetaka kufanya zaidi ya hapo afanye akiwa hai, kwa njia ya hiba. Nayo hiba isiishie mdomoni: mtoaji atamke, mpokeaji akubali, na mali ikabidhiwe kweli.

Uzito wa masharti haya ulionekana hadharani Mei 2021. Mahakama Kuu iliukataa wosia wa mwaka 2017 uliodaiwa kuwa wa Reginald Mengi, mwanzilishi wa kampuni za IPP, aliyefariki Mei 2019. Miongoni mwa yaliyotazamwa ni hali ya afya yake wakati wa kuandika, kutokuwapo kwa ndugu kati ya mashahidi, na watoto kuachwa nje bila sababu kuelezwa. Ukubwa wa mali haukuupa wosia kinga yoyote.

Kwa hiyo andika ukiwa mzima, weka tarehe, tumia mashahidi wanaotosheleza hata kanuni kali kuliko zote zinazoweza kudaiwa kukuhusu, na taja wazi sheria unayotaka itumike. Kisha uhifadhi panapojulikana. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ulio chini ya Kabidhi Wasii Mkuu, hutoa huduma ya kuandika na kutunza wosia. Wengine huuacha kwa wakili, benki, kanisani au msikitini. Popote utakapouweka, watu wawili wasiokaa nyumba moja wajue.

Cha kampuni si cha marehemu

Sasa turudi kwenye biashara yenyewe, na hapa kuna tofauti ambayo wenye biashara wengi huijua nusu nusu.

Aliyesajili jina la biashara BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, hajaunda mtu mpya. Duka ni yeye na yeye ni duka. Stoo, gari, akaunti na madeni ni vyake binafsi, na akifa vyote huingia kwenye mirathi kwa mpigo mmoja. Leseni na namba ya mlipakodi (TIN) vilikuwa vyake. Warithi wakitaka kuendelea, kisheria wanaanzisha upya.

Aliyesajili kampuni ameunda mtu mwingine mbele ya sheria, na mtu huyo hafi na mwanahisa. Kampuni inaendelea kumiliki malori yake, kudai wateja wake na kulipa kodi zake. Kinachoingia kwenye mirathi ni hisa za marehemu tu. Mara nyingi msimamizi wa mirathi huorodhesha mahakamani ghala, magari na viwanja vilivyo kwa jina la kampuni, kisha watoto huanza kugawana lori moja moja. Hawana haki hiyo. Lori ni la kampuni, na kabla yao wapo wanaoidai.

Kuna upande wa pili wa shilingi hiyo. Mwenye kampuni aliyekopa benki na kuweka dhamana binafsi, au nyumba ya familia, amelivusha deni la kampuni mpaka sebuleni kwake. Kampuni ikiyumba baada ya msiba, benki itaijia nyumba. Kabla ya kusaini mkopo wa namna hiyo, uliza kama una bima ya maisha inayolipa salio mkopaji akifariki, na hakikisha mwenzi wako anaelewa anachoridhia, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa yake kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani.

Hapo ndipo linapokuja swali la nani ni mmiliki wa nini hata kabla ya kifo. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilitambua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa. Ilikuwa kesi ya talaka, lakini funzo lake linafaa hapa: jasho lisiloandikwa hugeuka mzozo. Kama mkeo au mumeo amejenga nawe, mwandike kwenye hati ya kiwanja na kwenye daftari la wanahisa. Sheria ya Ardhi inatofautisha wanaomiliki kwa pamoja, ambapo mmoja akifa haki humwendea aliyebaki, na wanaomiliki kwa mafungu, ambapo fungu la marehemu huenda kwa warithi wake. Ulizeni hati yenu inasema lipi.

Uongozi haurithiwi

Rudi kwenye ule mfano wa milioni 480, safari hii mali yote ikiwa ni hisa za kampuni moja. Kwa mgawanyo wa Kiislamu kila mwana ana takriban asilimia 29, kila binti karibu 15, na mama 12 na nusu. Kwa sheria ya 1865 mama ana 33 na kila mtoto karibu 17. Katika hesabu zote mbili hakuna hata mmoja anayefikia nusu. Sheria imegawa umiliki kwa haki yake, na imeiacha meli bila nahodha.

Ukurugenzi si mali ya marehemu, kwa hiyo haumo katika mirathi. Mkurugenzi huteuliwa kwa mujibu wa katiba ya kampuni. Mtoto wa kwanza aliyerithi hisa hajarithi kiti cha baba. Binti wa tatu mwenye hisa chache, ambaye ndiye anayejua hesabu, anaweza kuwa mkurugenzi mtendaji. Hata mtu asiye wa damu anaweza. Familia ikilielewa hilo mapema, nusu ya ugomvi imekwisha, maana kuchaguliwa kuongoza hakumwongezei mtu urithi na kutochaguliwa hakumpunguzii.

Katiba za kampuni nyingi za familia zimenakiliwa kwenye kielelezo cha kawaida ili usajili upite. Mpe mwanasheria aiandike upya na ajibu mambo manne. Mwanahisa akifa, je, wengine wana haki ya kwanza ya kununua hisa zake kabla hazijaenda kwa mgeni? Bei itapigwaje, na nani, ili mjane asinunuliwe kwa bei ya huruma? Maamuzi gani yanahitaji kura zaidi ya nusu, kama kuuza kiwanja au kukopa juu ya kiwango fulani? Na kura zikilingana, nani wa kuvunja mkwamo? Fahali wawili hawakai zizi moja, na hisa nusu kwa nusu kati ya ndugu wawili ni zizi la namna hiyo.

Kanuni peke yake haimfunzi mtu kazi. Kiongozi wa kesho aonekane leo. Gulam Dewji alianzisha biashara iliyokuja kuwa MeTL katika miaka ya 1970; mwanawe Mohammed aliingia mwishoni mwa miaka ya 1990 baada ya masomo Marekani, baba akiwa hai na akiwa kazini. Kukabidhi ukiwa hai kuna faida ambayo wosia hauwezi kuitoa: wasambazaji, benki na wafanyakazi wanamzoea mrithi wakati mzee bado yupo wa kumsahihisha.

Kwa biashara ndogo haya hayahitaji ofisi ya ghorofa. Mtoto unayemtarajia apitie stoo, kisha mauzo, kisha madeni, kila mahali akiwa na kazi anayohojiwa. Apewe mshahara unaoandikwa, asichote droo. Mpeleke kwa meneja wa benki na kwa wasambazaji wakubwa, umtambulishe kwa cheo. Weka saini ya pili kwenye akaunti ya kampuni. Kisha jaribu mfumo wako: safiri mwezi mmoja, simu ipokewe na mwingine. Biashara ikikwama mzee akiwa Moshi kwa mapumziko, itakwama zaidi akiwa kaburini.

Onyo moja kuhusu hati ya uwakilishi, ile inayompa mtu mamlaka ya kusaini kwa niaba yako. Ni chombo kizuri ukiwa safarini au mgonjwa, lakini hukoma siku unapofariki. Mtoto anayeendelea kuitumia baada ya msiba, hata kwa nia njema, anajitengenezea kesi.

Wanaotunzwa

Kundi la tatu husahaulika kwa sababu halina sauti dukani. Mama mzazi wa marehemu, mtoto mwenye ulemavu, wadogo wanaosomeshwa, na pengine familia ya pili ambayo ya kwanza itaijulia msibani. Hawa hawahitaji hisa. Wanahitaji fedha zinazofika kwa wakati.

Kosa linalorudiwa ni kumpa kila mmoja kipande cha biashara kama njia ya kumtunza. Mtoto wa darasa la nne akiwa na asilimia 10 ya kampuni hawezi kupiga kura wala kula hisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake, lakini manufaa hayo yanaweza kuja kwa njia nyingine: kodi za nyumba za kupangisha zitengwe kwa ada, bima ya maisha imtaje mnufaika, au mali fulani iwekwe chini ya wadhamini watakaoisimamia mpaka watoto wakue. Mwislamu anayo pia njia ya wakfu, ambayo pwani na visiwani imetumika kwa vizazi. Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia mali za aina hiyo.

Kwa kampuni, elekeza pia sera ya gawio. Kama faida yote inarudi kwenye mtaji na aliyemo ndani anajilipa mshahara mnono, dada aliyeolewa Songea anamiliki karatasi tu. Ataishtaki kampuni, na ana haki ya kukasirika. Amueni mapema kwamba sehemu fulani ya faida hugawiwa kila mwaka, na kwamba mshahara ni malipo ya kazi, haulipwi kwa damu.

Kuhusu familia isiyojulikana, ushauri wangu ni mkali. Ijulikane ukiwa hai. Mtoto aliyefichwa haondoki kwenye mirathi kwa kufichwa. Huja na cheti cha kuzaliwa katikati ya mgawanyo, na kila kitu huanza upya.

Msimamizi si mrithi

Hata ukipanga vyema, lazima mtu apite mahakamani. Kwa mirathi ya kimila na ya Kiislamu, kwa kawaida ni Mahakama ya Mwanzo. Nyingine huenda Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Ndugu hukaa kikao, huandika muhtasari wa kumpendekeza mtu, na ombi hupelekwa pamoja na cheti cha kifo. Mahakama ya Mwanzo ikiridhika humpa Fomu Na. 4, ambayo ndiyo barua yake ya uteuzi.

Karatasi hiyo imeharibu familia nyingi kwa sababu aliyeipata hujiona mwenye mali. Sheria inamtazama kama mtumishi wa warithi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa wanaostahili, na kutoa hesabu. Katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa. Chini ya Sura ya 352 ana miezi 6 kwa orodha na mwaka 1 kwa hesabu. Asipofanya hivyo, au akila mali, mrithi yeyote anaweza kuomba uteuzi wake utenguliwe. Msimteue mtu kwa umri wake au ukali wa sauti yake. Teueni anayejua kuandika na asiyeogopa kuulizwa.

Wala msicheleweshe. Mirathi ikifunguliwa mara ya kwanza baada ya miaka 3 tangu kifo, Mahakama Kuu hutaka maelezo ya kuchelewa. Na shamba lililoachwa mikononi mwa mvamizi lina saa yake: madai ya kurudisha ardhi hukoma baada ya miaka 12. Tanzania haina kodi ya mirathi, lakini kodi alizodaiwa marehemu na Mamlaka ya Mapato (TRA) ni deni kama deni jingine, na zilipwe kabla ya mgawanyo.

Pa kuanzia

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Anza na daftari. Andika kila ulicho nacho na aina ya ushahidi wake: hati miliki, ofa, hati ya kimila, kadi ya gari, au mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Andika unaowadai na wanaokudai, kiasi na tarehe. Tenga vya kampuni na vya kwako. Viwanja ulivyonunua na hukubadilisha jina, badilisha sasa, muuzaji akiwa bado hai.

Kisha muone wakili kwa wosia na katiba ya kampuni siku moja, maana hati hizo mbili zikipingana, mahakama ndiyo itakayochagua. Baada ya hapo kaa na mwenzi wako na watoto waliofikia umri, uwaambie nani ataongoza na kwa nini, na nani atatunzwa kwa fedha ipi. Si lazima wakubali yote. Ni heri wakununie wewe mezani kuliko waje kununiana wao kwa wao mahakamani, mahali ambapo huna tena uwezo wa kueleza ulimaanisha nini.

Pitia mpango huo kila baada ya miaka michache, na kila unapooa au kuolewa, unapopata mtoto, unapochukua mkopo mkubwa au kununua mali mpya. Usiposema wewe nani amiliki, sheria itasema. Lakini nani aongoze na nani atunzwe, sheria haitasema kwa niaba yako. Hayo mawili yajibu mwenyewe, mwaka huu.